Povu Lenye Jina la Ansgar

…na kisu nimeshikishwa mimi, eti Roswitha kata keki, wewe mkono wako hautetemeki, na wote humu kwenye jiko dogo la maabara wamekodolea macho krimu kana kwamba hawakumsikia Ansgar sasa hivi, anahama, kampuni mpya ya kutafuta umeme kwa kuunganisha atomi imempa idara nzima aongoze, kwa sababu ya povu lake, lake, Ansgar huyu niliyekaa naye meza moja miaka yote, povu la plastiki nililolibembeleza mimi, jepesi mpaka ukipiga chafya limekwenda, linashika hidrojeni ya baridi ndani ya kidonge ili leza zikilipiga liwake kama kijua, na nani aliyegundua kwamba halitaki haraka, presha unaishusha polepole, ukikurupuka linasinyaa, na mkurupukaji alikuwa yeye, akiniletea kitu kimejikunja kama zabibu kavu, "Roswitha, nimeliua tena," nacheka, namfundisha upya, mjinga mimi… "Hataza ya povu imetoka lini?" nauliza, hati ya kummilikisha mtu ugunduzi, "Juzijuzi tu, dada," anasema Ansgar, "wanasheria walitaka jina moja, si unawajua," jina moja, na hilo moja likawa lake… "Kata basi, kahawa inapoa," anasema Heilwig, karani wetu, hanitazami, hakuna anayenitazama, na keki hii ya cheri huagizwa mapema, maua nayo wameyachangia, kumbe walijua, wote walijua, wakanisalimia asubuhi na meno nje… nilidhani nalilia povu, wala, povu nitalitengeneza tena, ninayemlilia ni huyu, tuliyegonga naye glasi sherehe ile ya Krismasi tukaacha kuitana Bwana na Bibi kwa majina ya ukoo, na kwetu mkishaanza kuitana majina ya kwanza hamrudi nyuma hata mkigombana, kurudi ni kumfungia mtu mlango usoni, naye huyo ananinyooshea sahani, anatabasamu, "Langu liwe pande kubwa, Roswitha," na kisu bado kiko juu ya krimu, sijakata, namtazama usoni, "Subiri zamu yako," namwambia, "Bwana Tiedemann."