Mlalo wa Ndevu

Nilipohamia kwa mke wangu nilikuta kila kitu kimeshamzoea mwanamume mwingine. Kiti cha mezani kilikuwa na bonde la makalio yasiyo yangu. Kitasa cha bafuni kililegea upande mmoja, kwa nguvu za mkono mzito. Mke wangu alikuwa mjane. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa lori. Alitoka alfajiri moja kupeleka saruji, mkewe akiwa bado amelala, na akarudishwa amefunikwa shuka. Mimi ni seremala. Kitasa nilikikaza, kiti nikakipiga randa, na nikaapa sitatumia hata kitana cha mtu.

Ndiyo maana nilinunua vifaa vyangu vya kunyolea. Nilikuwa nimezoea mashine ya umeme, dakika mbili umemaliza, lakini mke wangu alisema anapenda shavu lililonyolewa kwa maji na povu. Nikaenda kwa kinyozi wa mtaani kwetu, ambaye huuza vitu hivyo ndani ya kabati la kioo. Nikachukua kishikio cha chuma cha kupachikia wembe, kizito mkononi kama bisibisi nzuri, pamoja na brashi ya manyoya, bakuli, sabuni, na jiwe la shabu la kupaka nikijikata. Vyote vipya, kwenye maboksi yake.

"Sasa sikia, bwana harusi," alisema kinyozi. "Kabla hujagusa wembe, pitisha kidole usoni. Ndevu zina mlalo. Ukizifuata, ni mteremko. Ukizipinga utatoka hapo kama kuku aliyenyonyolewa na mlevi."

"Unanifundisha mlalo mimi? Mtu wa randa?"

"Ubao haupigi kelele, fundi. Wewe utapiga."

Alicheka mwenyewe hadi miwani ikamshuka puani.

Asubuhi nilisimama mbele ya kioo cha bafuni. Nilipitisha kidole kwanza, si kwa sababu yake, ila kwa sababu ndivyo ninavyoanza kazi yoyote. Mashavuni nywele zililala kuelekea chini. Shingoni vilevile, moja kwa moja, kama ubao uliopasuliwa vizuri. Nikazungusha brashi kwenye sabuni mpaka povu likasimama lenyewe, nikajipaka, nikanyoa. Wembe ulitoa sauti ndogo kavu, kama msasa laini. Sikujikata hata mara moja. Mke wangu akanigusa shavu mezani, akasema, "Heee, kumbe nimeolewa na kijana!"

Nilijisikia mfalme.

Ndevu zilipochipua tena, nilipitisha kidole na kidole kikakwama. Chini ya taya la kushoto nywele zilikuwa zimejizungusha, kama maji yanayoingia tundu la sinki. Shingoni zilipanda juu. Nikawasha taa, nikasogea kiooni. Zilipanda juu.

Nimeshika mbao tangu nikiwa mtoto. Ubao hujipinda, hupasuka, huliwa na wadudu, lakini nyuzi zake hazigeuki zikalala upande mwingine. Nikajiambia kwamba mara ya kwanza sikuangalia vizuri, nikanyoa kwa kushuka kama nilivyofanya. Wembe uliruka. Povu likawa la waridi.

Jioni ile mke wangu alikuwa akishona pindo la gauni la mteja, nami nimekaa karibu yake. Bila kuinua macho kwenye kitambaa alinyoosha mkono akanipapasa. Vidole vilianzia kooni, vikapanda, vikazunguka chini ya taya la kushoto, vikatulia nyuma ya sikio. Havikutafuta njia. Vilikwenda kama mtu anayewasha taa gizani nyumbani kwake.

Kisha akautoa mkono ghafla, kama aliyegusa pasi ya moto.

"Vipi?" niliuliza.

"Hakuna. Kunywa chai, itapoa."

Hapakuwa na chai.

Kesho yake nilifunga karakana mapema, nikaenda kwa kinyozi. "Umenichinjia kuku wangu!" alisema alipoona majeraha. Nikamwambia asicheke, aniguse tu. Aliweka kidole kooni pangu, akakipandisha. Kilipofika chini ya taya kikasimama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akanitazama usoni kwa muda mrefu kama anayesoma bango lililo mbali.

"Kidevu hiki nimeshakinyoa," alisema. "Miaka. Kilikuwa kinanisumbua hapa hapa."

"Cha nani?"

"Fundi, nenda nyumbani."

"Cha nani, mzee?"

"Unajua cha nani."

Nilitembea nikiwa nimekunja ngumi. Nilimwonea wivu marehemu, na wivu wa namna hiyo hauna pa kupiga. Nilijiuliza kitabaki nini baada ya ndevu. Pua? Sauti? Mke wangu atakuwa akilala na nani, na mimi nitakuwa nimekwenda wapi?

Nilimkuta chumbani anakunja nguo. "Ulijua," nilisema.

Hakujidai haelewi. "Nilijua jana, mkono ulipofika."

"Na ukanyamaza."

"Nilinyamaza." Akalikumbatia shati alilokuwa analikunja. Lilikuwa langu. "Aliondoka mimi nimelala. Sikumwambia hata nenda salama. Jana nilipomgusa nikasema, kidogo tu, nisiseme kitu, asije akaondoka tena."

"Na mimi je?"

Alianza kulia, na kilio hicho kilinitisha kuliko ndevu. Ningeweza kubeba randa zangu nikarudi kwenye chumba changu cha kupanga, na uso huo ningeondoka nao. Badala yake nilimpeleka bafuni, nikaleta kigoda, nikakaa, nikamwekea wembe mkononi.

"Muage," nilisema. "Nakuazima uso. Ukimaliza nirudishie."

Alichovya brashi kwenye maji ya moto. Akanipaka povu. Alininyoa kwa kupanda. Hakuwahi kuninyoa mimi, lakini kichwa changu kiliinuka kabla hajakiinua, shingo ikageuka kabla hajaigeuza, na shavu langu likajivimbisha lenyewe kumrahisishia kona ya mdomo. Nilikuwa nimekaa ndani ya mwili wangu kama abiria. Alikuwa anasema maneno madogo madogo: lori, mvua ya siku ile, chakula alichokuwa amemfungia tangu usiku kikabaki juu ya meza.

Ndipo ulimi wangu ukasogea. Niliuhisi unatafuta neno nisilolijua, na kwa kiburi changu chote nilitaka kuuma meno. Ningeweza. Niliyaacha wazi.

"Usilie, Kitone," mdomo wangu ulisema. "Niliona umelala vizuri."

Wembe ukasimama kooni. Jina hilo hakuwahi kuniambia, wala mtu mwingine hakumwita hivyo. Tulibaki hivyo, bomba likidondosha maji, chuma baridi juu ya mshipa wangu unaopiga.

"Nenda salama," alisema mwishowe.

Akamaliza taya la kushoto. Akanipangusa kwa taulo, akapaka shabu, ikachoma, na nikalia kwa sauti yangu mwenyewe. Uso ukawa laini pande zote, hausemi kitu. Ilibidi tungoje ndevu ziote, tuone zitalala upande gani.

Tulilala bila kugusana. Kulipopambazuka niliamka nikauhisi mkono wake shingoni pangu, unapanda kwa njia ileile. Nikafumba macho, nikazuia pumzi.

"Aaa!" alisema, akautoa. "Unachoma kama brashi ya viatu!"

Nilipitisha kidole: shingoni zilikuwa zimelala kuelekea chini, kama zangu za mwanzo. Nilimsikia akivuta kamasi, mara akageukia ukutani. Nililala chali, shingo wazi, nikisubiri kuona kama mkono ule utarudi.