Milioni Moja na Moja

Kinyaa kilimpanda Mwalimu Odwori alipoona mafuta ya kuku yakienea juu ya karatasi ya mtoto wa watu. Usahihishaji wa mashindano ya hisabati, yaliyokutanisha shule za Busia na za Tororo, ulikuwa umemalizika, na Mwalimu Okware, mkuu wa wasahihishaji, alikuwa akila darasani humo humo, karatasi za majibu amezifanya kitambaa cha meza.

"Hiyo uliyowekea sahani ni ya nani?"

"Ya yule binti wa shule ya Iyolwa, Athieno. Iko bure. Alikosa swali la kumi."

Odwori aliivuta. Swali la kumi liliuliza kama milioni moja na moja ni namba tasa, yaani ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Mwongozo wa kusahihishia ulisema ni tasa. Athieno alisema si tasa, wala hakubahatisha: chini yake aliandika mia moja na moja mara elfu tisa mia tisa na moja. Pembeni, sufuri ya wino mwekundu.

Odwori akazidisha, akarudia. Ikatoka milioni moja na moja, haikuzidi wala haikupungua.

"Mzee Okware, swali ulilitunga wewe. Namba hiyo uliigawanya kwa zipi?"

"Tasa zote. Mbili, tatu, tano, mpaka tisini na saba. Hakuna iliyoingia."

"Na kwa nini ukakomea tisini na saba?"

Okware alilamba kidole gumba. "Jedwali la kitabu linaishia hapo."

Jedwali lile huorodhesha tasa zilizo chini ya mia tu, na namba kubwa kama hii yataka ijaribiwe mpaka ukingoni mwa elfu. Tena tasa inayofuata tisini na saba ni hiyo hiyo mia moja na moja. Mzee mzima aliona uvivu wa hatua moja, binti akaipiga.

"Tumrudishie alama zake. Nafasi ya kwenda fainali Kampala ni moja, nayo ni yake."

"Matokeo nimeshayatangaza kwa simu. Mwanafunzi wako Shallon ndiye wa kwanza. Mimi nakupa nyama, wewe unatafuta mfupa? Huyo wa Iyolwa atajaribu mwakani."

"Yuko kidato cha mwisho. Hana mwakani."

"Basi ni bahati yake. Nawe umetia saini fomu ya matokeo, Mwalimu. Au mkono ulikuwa wa jirani?"

Hapo kinyaa kikamgeukia mwenyewe. Ni yeye aliyesahihisha karatasi ya Shallon, na alipoona neno "tasa" alitia vema kwa raha kama ya mzazi, asijisumbue kugawanya hata mara moja. Miaka ishirini na sita amewakataza wanafunzi kuamini jibu wasilolikokotoa.

Ofisi kuu ya mashindano haikupokea matokeo yasiyo na saini mbili. Odwori akachukua kalamu, akalipitishia jina lake kwenye fomu mistari miwili mizito.

"Na Shallon utamwambia nini?" Okware aliuliza, sauti imeshuka.

"Nitampa mia moja na moja, agawanye mwenyewe."

Okware akajipangusa vidole kwenye suruali, akatafuta katika simu namba ya mtu aliyemtangazia.

Shallon alikuwa uwanjani akipongezwa na wenzake. Odwori akatoka kwenda kumwita.