Mita ya Sampuli Imetembea

"Ifungue hiyo mita, nakwambia—"

"Nikiifungua maji yatamwagika, mama hajaosha—"

"Ataosha jioni! Fungua!"

"Umeiacha mezani, dada, yetu imekufa, nikajua umetuletea—"

"Ni sampuli, we kichwa maji! Sampuli haifungwi bombani!"

Kaka mtu, fundi bomba asiye na breki, akachuchumaa na spana yake. Dada mtu, kibarua wa ghala la mamlaka ya maji, mtaani wakimwita Bibi Stoo, alizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Asubuhi ile alikuwa na usaili wa afisa ununuzi, ajira ya kudumu, vibarua basi. Mita, sampuli ya zabuni ya mita mpya za mji, aliibeba kutoka ghalani aisome, ajiandae. Na wasaili ndio hao hao wa kamati ya zabuni hiyo.

"Namba zimetembea!" akalia. Sampuli hukaa kwenye sifuri.

"Kidogo tu, dada. Wataona zinafanya mazoezi."

Mama akachungulia dirishani. "Hiyo mita ina pepo. Jana bomba kavu, mgao, yenyewe inazunguka tu."

"Mama, si sasa!"

Akaitia kwenye mkoba, mbichi hivyo hivyo, akatoka mbio. Njiani akawaza kusema imepotea. Akawaza kurudi. Akawaza kuhama mji.

Kwenye chumba cha usaili mkoba ukaanza kudondosha maji kwenye zulia. Mkuu wa ununuzi, mama mnene mwenye miwani shingoni, akatazama chini.

"Binti, mkoba wako unalia?"

Mficha uchi hazai. Akaitoa, akaiweka mezani. "Sampuli yenu, shikamoo. Kaka yangu kaifunga nyumbani. Imetembea." Mdomo ukakataa kufunga breki, wa ukoo ule. "Na mama anasema inazunguka hata bomba likiwa kavu."

Wajumbe wakatazamana. Hiyo ndiyo iliyokuwa inaongoza zabuni kwa bei nafuu. Mji mzima ungefungiwa mita hiyo.

Mkuu akavaa miwani, akaitia mita mdomoni kama filimbi, akapuliza. Namba zikakimbia.

"Inauza upepo," akanong'ona mjumbe mmoja.

"Sheria umevunja," mkuu akasema. "Kazi bado unaitaka?"

"Mpaka silali, mama."

Mkuu akamsukumia binti sampuli mbili zilizobaki, za wazabuni wengine.

"Basi naomba kaka yako azifunge hizi leo. Na mama yako, tafadhali, akae dirishani."