Kitufe cha Nyumba ya Kwanza

"Bonyeza tena, sista, labda umeruka," Shiundu alisema, kicheko kikimcheza shavuni.

Jentrix alibonyeza kitufe cha Tab. Kompyuta ikasoma kwa sauti: "Salamu za nyumba ya pili." Akabonyeza tena. "Ratiba ya mazishi." Tena. "Njia ya kufika." Kisha ikarudi kule kule, nyumba ya pili.

"Na nyumba ya mama yangu iko wapi?"

"Si hiyo hapo juu, kubwa hivyo!" Uncle Wanzala alidakia. Wote waliojaa chumba kile cha mtaani Kabiro kupanga mazishi ya mzee Isaac, baba ya Jentrix na Shiundu, walikuwa wameiona kwenye skrini: nyumba ya mke wa kwanza juu, ya pili chini, ilivyo desturi.

Loh, waliona walichoonyeshwa! Tovuti ya mazishi ilikuwa kazi ya Shiundu, mtoto wa mke wa pili, bingwa wa kujisifu. Wenye macho hubofya popote. Asiyeona husogea kwa Tab, kitufe hadi kitufe, kwa mpangilio aliouweka fundi. Na huyu fundi, hana hata haya, alikiondoa kimoja kwenye mpangilio, cha nyumba ya kwanza. Mke wa kwanza alishafariki, bintiye haoni; nani angejua? Nyuma ya kitufe hicho kulikuwa na sauti ya Jentrix, kifungua mimba, akimuaga baba yake. Alitaka kuisikia kabla haijatumwa kwa ukoo.

"Kwani hizi ni sindano za sweta?" Shiundu akamtania. "Shida ni vidole vyake, watu wangu." Wengine wakacheka.

Jentrix, anayefuma sweta za shule mwaka mzima, alikasirika. Akaisukuma kompyuta.

"Uncle, kaa hapa. Funga macho, ubonyeze wewe."

Wanzala alifumba macho, akabonyeza. Nyumba ya pili. Ratiba. Njia. Nyumba ya pili. "Ngoja," akasema, akazunguka upya, polepole. Kicheko kikakatika.

"Shiundu, mamake huyu umemweka wapi?"

"Ni kitu kidogo tu, Uncle, naweza rekebisha..."

"Nimekuuliza, umemweka wapi?" Macho hakuyafumbua.

Shiundu alimtazama mama yake, aliyekuwa ameketi kwenye kochi la mbele, mahali palipokuwa pa mke wa kwanza. Mama hakumtazama. Aliinuka, akajifunga leso vizuri, akaenda kuketi kwenye benchi la mlangoni. Kochi likabaki wazi, na Uncle Wanzala bado anabonyeza.