Pakanga ya Mwaka wa Kiu

Mwaka ule mvua ilipochelewa, pakanga yangu ya dawa, nyuma ya nyumba hapa Milanzi, ilidumaa. Kawaida hunifika kifuani. Safari hii iligota magotini, majani kama kucha za kifaranga. Lakini ukali wake sasa. Mbuzi wa jirani alitafuna kijitawi kimoja, ndevu zikamnyooka, akatembea kinyumenyume mpaka jioni. Ukibisha, kamuulize.

Mke wangu Evodia alinionya. "Mmea ukikosa maji haukui, baba Salome. Nguvu zote unazitia kwenye uchungu ili usiliwe. Punguza kipimo."

Mimi pakanga nimeinywa miaka arobaini: birika moja, konzi moja. Majani yamekuwa madogo, basi nikatia konzi tatu ili mambo yalingane.

Siku hiyo tulikuwa na wageni wa posa. Kumwoza binti yetu Salome hatukuwa na neno. Mvutano ulikuwa mmoja: wao walitaka akaishi Kasanga, huko ziwani, sisi tulimtaka hapa karibu. Na mshenga wao alikuwa Baltazari, mtu aliyewahi kuibembeleza mvua ya mawe ikahamia Zambia. Nilijua akianza kusema tu, binti ameondoka.

"Tumbo linanisokota tangu asubuhi, mkwe," akasema.

"Dawa ipo."

Kwetu mwenyeji huonja kwanza, mgeni asije akadhani vingine. Nikapiga funda. Baltazari, asionekane mwoga, akamaliza kikombe.

Ulimi wangu ukajikunja kama jongoo. Midomo ya Baltazari ikajifunga, likabaki tundu la kupitisha sindano. Na kwenye posa husema watu wawili tu, mmoja wa kila upande, na hao ndio sisi. Maji nyumbani yalikuwa yamebaki jagi moja, nalo Evodia alikuwa amelikumbatia.

Salome akatoka chumbani. "Shikamooni. Anayetaka niende Kasanga aseme sasa."

Baltazari akatoa "fyuu", basi.

"Haya, tutaishi Milanzi. Mama, wape maji."

Baltazari akapata nusu kikombe. Midomo ikaachia, akasimama, akaweka koti sawa. "Kwanza kabisa, ndugu zangu, kuhusu Kasanga..."

Evodia akalivuta jagi, akaniashiria nimmiminie mgeni dawa nyingine.

Baltazari akaketi. "Kuhusu Kasanga," akasema, "kuna mbu wengi mno."