Keria Nyuma ya Mtumbwi

Magesa hakuwa mtu wa kutulia, na tangu apate lile gari ndiyo akaharibika kabisa. Mholanzi mmoja wa mradi wa visima, siku anafunga mizigo kurudi kwao, alimwachia gari la spoti la Kiingereza: jekundu, milango miwili, viti viwili, na nyuma ya viti ubao mwembamba ambao hata kofia ingelalamika kukaa. Paa lake lilikuwa turubai, nalo lilishaoza zamani. Watu wa Musoma, ambao hawakosi jina la kukubandika, wakaliita Mtumbwi.

Miaka ya shida Mtumbwi ulikaa uani juu ya mawe. Matairi yalikuwa hadithi na petroli ilikuwa ndoto. Jioni Magesa akitoka kazini, stoo ya idara ya maji, alikuwa anaingia humo na vumbi lake, anashika usukani na kubadilisha gia za gari lisilokwenda popote. Ulipofika mwaka 1986 maduka yakaanza kupumua. Sabuni ikarudi, khanga zikarudi, na mfanyabiashara mmoja wa Mwanza akaleta matairi. Mtumbwi ukashuka mawe. Hapo ndipo Dafroza, mkewe, alipotoa sharti.

"Baba Ursula, mimi sina ugomvi na gari," alisema huku akichambua dagaa. "Lakini yule mtu wa Mwanza anaitaka, anatoa pikapu yake tubadilishane. Pikapu inabebaga watu. Hii yako inabebaga wewe tu."

"Inabeba familia hii."

"Basi tubebe. Likizo ya Juni nataka kwenda kwetu Bunda, mimi na watoto wangu na vitu vyangu. Ikitupeleka na kuturudisha, ibaki. Ikishindwa, pikapu."

Magesa akakubali palepale, kabla hata hajajua anakubali nini. Na si Bunda tu, akasema, wataenda likizo ya kuzunguka: watapita Butiama kwa shangazi yake, waende Bunda kwa wakwe, kisha watafika hadi lango la hifadhi watoto wakaone nyumbu. Likizo ya kuzunguka aliitoa kwenye gazeti la zamani alilolikuta ndani ya gari. Humo mlikuwa na picha ya Mzungu, mkewe na watoto wawili, wanashuka mlima kwa gari kama lile lile, masanduku yamepangwa nyuma juu ya keria inayong'aa, wote meno nje. Magesa aliitazama picha ile mpaka karatasi ikachanika kwenye mikunjo. Alitaka kuwa yule baba. Alitaka vibaya sana.

Keria ikachomelewa Buhare, kwa fundi Mwikwabe, kwa vyuma vya kitanda kilichovunjika. Magesa alipeleka masanduku yapimwe kabla chuma hakijakatwa, akayarudisha, akayapeleka tena kwa sababu alikuwa ameota kwamba moja limenenepa. Alikataa bodi ya gari itobolewe. Ikabidi Mwikwabe atengeneze kulabu za kubana ukingo wa buti, na chini ya kila kulabu wakaweka kipande cha ndala ili rangi isichubuke. Halafu akagundua kwamba mizigo ikifungwa pale buti halitafunguka, na tairi la akiba limo ndani. Kazi ikaanza upya, miguu yote ya keria ikahamia kwenye kifuniko chenyewe, ili kikiinuliwa kiinuke na vyote.

"Mzee, nenda nyumbani ukale," Mwikwabe alimwambia. "Chuma haikimbiagi."

Siku ya kujaribu aliweka kila kitu nyuma, akafunga kwa mipira ya tyubu za baiskeli, akaondoka kwa mbwembwe. Mtumbwi ukainua pua. Usukani ukawa mwepesi mkononi, ukikata kushoto gari linafikiria kwanza. Akarudi jasho linamtoka, akapakua, akaanza kupanga kama mtu anayecheza bao peke yake. Vizito mbele, vyepesi nyuma. Sanduku la bati lenye sukari, sabuni na mafuta ya zawadi likaenda miguuni kwa Dafroza. Nguo zikabaki kwenye keria. Ubao wa nyuma ukatandikwa blanketi, wakakaa Ursula na mdogo wake Silasi, miguu imeelekezwa upande mmoja.

"Magoti yangu yanafika kidevuni," Dafroza alisema walipokuwa wanaondoka.

"Lakini umeenea?"

"Nimeenea."

Kwa Magesa hilo lilitosha. Barabara ilikuwa vumbi tupu na upepo uliwapiga nyuso, watoto wakipiga kelele kila wanapopita ng'ombe. Butiama, kwa shangazi, hakumaliza hata chai. Kila mara aliinuka kwenda kukaza mipira ya keria ambayo haikuwa imelegea.

"Huyu ana minyoo?" shangazi alimuuliza Dafroza.

"Ana gari, shangazi."

Kijiji cha wakwe kilikuwa nje kidogo ya Bunda, katikati ya mashamba ya pamba, na pamba ilikuwa imeanza kuvunwa. Clementi, kaka yake Dafroza, aliwapokea kwa vigelegele vya wake zake. Mama mkwe, Bibi Nyangi, hakutoka. Kwao mtu na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawali pamoja, hawakai kiti kimoja. Wakikutana njiani mmoja anaingia porini. Kwa hiyo Magesa alisimama nje ya ukuta akasalimia, na sauti ya mama ikamjibu kutoka ndani, ikamuuliza habari za Musoma, za samaki na za mvua. Wakaongea vizuri sana, ukuta katikati. Ndivyo walivyoongea tangu siku aliyomwoa Dafroza, na walipendana.

Asubuhi ya kuondoka kwenda kuona nyumbu, Magesa aliamka na furaha yake. Alijua wakwe hawamwachi mgeni aondoke mikono mitupu, na hesabu hiyo alishaipiga: sanduku la zawadi limebaki tupu, basi gunia la michembe, vile viazi vya kukausha, litakaa humo, na kuku atafungwa juu ya nguo. Kila kitu kikaingia. Alizunguka gari, akavuta mpira huu na ule, akamtazama mkewe kama mtu aliyeshinda kesi.

Ndipo Clementi akaja na kumvuta kando.

"Shemeji, mama macho yake yamefunga kabisa. Watoto wako jana aliwapapasa tu. Tumesikia kuna madaktari wa macho wamekuja hospitali pale Musoma, na kesho ndiyo wanamaliza. Basi ya hapa kijijini iko juu ya mawe, haina tairi. Lori za pamba haziwezi kubeba mgonjwa. Imebaki gari yako."

Magesa akasema bila shaka. Nani angesema vingine? Akasema nyumbu hawahami, wataonwa mwaka mwingine, ingawa alijua kwamba wanahama. Akarudi kwenye gari kupanga upya, na hapo ndipo mikono yake ilipokosa la kufanya.

Mama akae wapi? Akikaa mbele, atakaa bega kwa bega na mkwewe, na katika gari lile huwezi kuingiza gia bila kugusa goti la jirani. Akikaa kwenye ubao na watoto, magoti yake ya uzee hayakunjiki hivyo, na hata yangekunjika angekuwa anampumulia mkwewe shingoni hadi Musoma. Magesa alitoa kuku, akamrudisha. Alishusha masanduku, akayapandisha. Akalegeza mpira, akakaza. Alijua vizuri kwamba tatizo halikuwa kwenye keria, lakini keria ndiyo ilikuwa karibu.

Bibi Nyangi alitolewa nje, khanga imefunika uso wote, fimbo mkononi. Magesa akageukia upande wa pamba.

"Labda asubiri," alisema taratibu. "Nikifika Musoma nitatafuta gari nyingine, nimtume mtu."

"Kesho wanamaliza," Dafroza alisema.

"Najua."

"Ulisema inabeba familia."

Hakupandisha sauti. Macho yake yalikuwa kwenye ufunguo uliokuwa kidoleni mwa Magesa. Na Magesa akakumbuka jambo ambalo kwa kweli hakuwahi kulisahau, alikuwa analiweka pembeni tu: Dafroza alipokuwa jeshini, JKT, aliendesha lori. Ana leseni, iko kabatini chini ya vyeti vya ubatizo. Mara ngapi alimwomba ajaribu Mtumbwi, hata kuuzungusha uani? Kila mara Magesa alimjibu kwamba klachi ya gari hili ina tabia zake.

Alimpa ufunguo. Uliteleza kwa jasho.

"Klachi..." alianza.

"Ina tabia zake. Nimesikia."

Mama akakaa kiti cha mbele, miguu yake ikanyooka vizuri pale palipokuwa na sanduku, maana sanduku, jepesi sasa kwa kuwa lina michembe badala ya sukari, lilihamia nyuma na Mtumbwi haukuinua hata pua. Watoto kwenye ubao, nguo na kuku kwenye keria. Kila kitu kilienea bila kubanana. Mzigo uliokuwa umezidi siku zote ni Magesa mwenyewe. Dafroza akaliondoa gari polepole, akaingiza gia ya pili bila kukwaruza, na Magesa akabaki barabarani anatazama keria yake ikipotea kwenye vumbi. Aliona wivu mpaka kifua kikamuuma. Hakuwa amewahi kuliona gari lile likienda akiwa nje yake. Lilikuwa zuri kuliko picha.

Alifika Musoma siku ya tatu, amelala juu ya pamba ya lori, nyuzi masikioni. Nyumbani alimkuta yule mtu wa Mwanza anatoka getini na pikapu yake, uso umemvimba kwa hasira.

"Mkeo amekataa," alisema, akaondoka bila kuaga.

Dafroza alikuwa uani, anapangusa vumbi kwenye keria kwa kitambaa kilicholowa. Ndani, nyuma ya ukuta, sauti ya mama mkwe ilimsalimia Magesa, ikamwambia kwamba jicho moja limeshafanyiwa kazi na la pili litasubiri. Magesa akaitikia, na machozi yakamjia kwa furaha, akayafuta kwa pamba.

"Nimemwambia haiuzwi," Dafroza alisema. "Ni gari ya familia."

Magesa akanyoosha mkono kuomba ufunguo. Dafroza akautazama ule mkono namna mtu anavyotazama sanduku lisilokuwa na pa kukaa.

"Kesho nampeleka mama akafunguliwe bandeji," alisema. "Wewe utatufuata na baiskeli."