Hereni za Skrubu

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na nilikuwa sijawahi kumwona bila futi kamba shingoni. Anapika nayo, anasali nayo, na siku moja nilimkuta amesinzia nayo kitini, ncha yake imezama kwenye kikombe cha chai. Ndiye niliyemwomba anisindikize kwenye kazi yangu ya kwanza ya kupigwa picha za mavazi, kwa sababu mpiga picha mwenyewe alitaka niende na mtu. Alikuwa ameniandikia kila kitu kwenye simu: nguo ni gauni la ofisini, suti na sketi ndefu, hakuna nguo za ndani, hakuna za kulalia, njoo na mtu unayemwamini. Mimi niliona huo ni ustaarabu. Shangazi aliona ni mtego.

Alisema mtu mwenye nia safi haandiki yote hayo, huyo kuna kitu anakificha. Kwa hiyo tukapanga ishara. Nikiona mambo yananizidi, nitavua hereni ya kushoto, naye atashikwa na kizunguzungu, tuombe radhi tuondoke. Hereni alizichagua mwenyewe kutoka kwenye kopo lake la vifungo. Zilikuwa ndogo, zenye skrubu nyuma, unazikaza mpaka sikio linalalamika. Za kuning'inia alizikataa, akasema zinaweza kudondoka zenyewe tukatoka mbio bure.

Tulifanya mazoezi jikoni. Kila nilipovua hereni, yeye alishika ukuta na kuyumba, na mara ya mwisho aliyumba vizuri hata nikamsogezea kiti kwa hofu ya kweli. Tulicheka mpaka tukatoka machozi. Kesho yake, tulipokuwa tukipanda ngazi za studio, sikuwa na kicheko hata cha kuazima.

Studio ilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi na misumari. Mlango ulikuwa wazi, umezuiwa na tofali lililofungwa gazeti. Mpiga picha alikuwa mwanamume mrefu mwenye maneno machache, na mengi kati ya hayo machache yalikuwa "naomba". Naomba ugeuze bega. Naomba unyanyue kidevu. Kola ilipopinda hakunigusa, alimwomba shangazi aje kuinyoosha. Kila baada ya picha chache alinigeuzia kioo cha kamera nione, akaniuliza kama kuna ya kufuta. Nilipoingia nyuma ya pazia kubadilisha nguo, alifunika lenzi, akaiweka kamera mezani, akatoka kwenda kusimama koridoni ametupa mgongo. Shangazi alimbatiza Bwana Naomba papo hapo. Hata hivyo hakumpunguzia ulinzi. Alikung'uta pazia, akachungulia nyuma ya kioo, akainama kuangalia chini ya stuli, na kila taa ilipomulika alikohoa ili ijulikane kuwa yupo.

Mimi nilikuwa na hofu tu, ile isiyo na sababu ya kuitaja. Sikujua pa kuiweka mikono yangu. Najua sauti ya hofu yangu: inaniambia kwamba hapa kila mtu anajua anachofanya isipokuwa mimi, kwa hiyo nikiona kitu kimenikaa vibaya, mwenye makosa ni mimi. Tulimaliza gauni la ofisini. Tukamaliza suti. Sketi ndefu ilipofika mwisho nilianza kupumua kama watu wengine.

Hapo ndipo mwenye maduka akaingia. Picha zilikuwa zake, za maduka yake ya nguo, lakini hakuna aliyetuambia kwamba angekuja. Alikuwa mtu mzima, amepiga pasi mpaka soksi, ananukia vizuri. Alimwamkia shangazi kwanza, kwa heshima zote, kisha akarudi nyuma hatua chache kulitazama gauni alilovaa shangazi na kuuliza ni fundi gani aliyeshona mishono ile. Basi. Mwanamke aliyekung'uta pazia na kuchungulia chini ya stuli alilainika mbele ya macho yangu. Akaanza kueleza upindo.

Bosi huyo alimsikiliza, na akiwa anamsikiliza akalisukuma tofali kwa ncha ya kiatu. Alisema upepo wa koridoni utaangusha mwavuli wa taa. Mlango ukajifunga. Nilimtazama shangazi, naye alikuwa amefika kwenye mifuko. Nilimtazama mpiga picha, naye alikuwa akilitazama tofali.

Bosi alisema ana maduka mengi na wauzaji wake wote wanahitaji sare. Anatafuta fundi mmoja tu wa kuaminika. Cherehani la shangazi lilikuwa limelala miezi, wateja wamekimbilia nguo za kununua zilizokwisha shonwa, na mimi ndiye niliyekuwa nikilipangusa vumbi, kwa hiyo najua maneno yale yalivyomwingia. Bosi akauliza kama anaweza kumpima koti hapo hapo, auone mkono wake. Shangazi akaivua futi shingoni. Nilitaka kufurahi kwa ajili yake na nikashindwa.

Akiwa amepimwa bega moja, bosi alitoa kwenye mfuko wake gauni la kulalia, jepesi, ukiweka mkono ndani vidole vinahesabika. Akaninyooshea. Alisema ni mzigo mpya, picha chache tu, sura yangu imempendeza.

"Hii haikuwemo kwenye makubaliano," mpiga picha alisema.

"Makubaliano si tumefanya mimi na wewe?" bosi alisema, bado anatabasamu. "Au nitafute studio nyingine?"

Mpiga picha alishusha macho kwenye kamera yake akawa anakizungusha kitufe kisichohitaji kuzungushwa. Nikahesabu watu wangu mle chumbani. Mmoja alikuwa ameinamia kamera, mwingine ameshika futi mgongoni mwa mteja.

Nikaanza kuivua hereni. Skrubu ilikuwa ngumu na vidole vilikuwa na jasho, kwa hiyo ilichukua muda, na muda wote ule shangazi alikuwa ameelekea kwangu. Ilipotoka niliiweka kiganjani nikakinyanyua kiganja. Aliona. Akaacha kupima, akaja, futi ikiburuzika kando yake, na moyo wangu ukashuka mahali pake. Nilijiandaa hata kumdaka akianza kuyumba.

Akaichukua hereni kiganjani mwangu. Akanigeuza uso kwa vidole viwili, kama anavyomgeuza mtoto wa kumpima kofia, akairudisha sikioni, akaikaza.

"Tulia, mwanangu," alisema. "Kazi ni kazi."

Akarudi kwenye bega la pili.

Niliingia nyuma ya pazia na lile gauni kwa sababu miguu ilinipeleka. Nikakaa kwenye stuli. Nilisikia shangazi akitaja vipimo na bosi akimwitikia. Nilisikia pia kwamba mlango wa koridoni haukufunguliwa, maana yake safari hii mpiga picha hakutoka. Nilijaribu kufikiri ni nani mwingine wa kumpa ishara. Hakukuwa na mtu. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na aibu, eti nitawaharibia watu wazima mambo yao. Shangazi atapoteza sare, mpiga picha atapoteza mteja, na mimi nitaitwa msumbufu kabla sijaitwa mwanamitindo.

Nikavua hereni zote mbili. Nikavua sketi yao ndefu, nikavaa suruali yangu na blauzi yangu, nikafunga vifungo mpaka cha juu kabisa ambacho huwa sifungi. Lile gauni nikalikunja vizuri, maana nimelelewa na fundi. Kisha nikatoka.

"Sitalivaa," nilisema. "Na naomba mlango ufunguliwe."

Sauti yangu ilitoka nyembamba, ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani, lakini ilitoka. Bosi alicheka. Akamwambia shangazi aongee na mtoto wake. Shangazi alinitazama masikio, moja baada ya jingine.

Ni mpiga picha aliyetembea. Alifunika lenzi, akaiweka kamera mezani, akafungua mlango na kulirudisha tofali kwa mkono, polepole, mpaka likakaa.

"Amesema hataki," alisema. "Kazi ya leo imeisha."

Bosi alisema ya kwake, kwamba mji mzima umejaa studio na wasichana wasiojidai. Akaivuta futi ya shangazi iliyokuwa bado begani kwake, akaitupa kwenye kiti, akachukua gauni lake akaondoka. Harufu yake nzuri ilibaki muda mrefu. Mpiga picha aliniambia hakuna picha itakayotoka pale kabla sijaiona, na nikifika nyumbani nimjulishe. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia.

"Nilichelewa. Naomba samahani."

Kwenye ngazi shangazi alinifuata nyuma. Tulipofika kwenye kona alisema, "Nilidhani imedondoka."

Nikageuka nikafungua kiganja. Hereni zote mbili zilikuwepo, na skrubu zake. Alizitazama kwa muda, yeye aliyezichagua kwa sababu hazidondoki. Kisha akakaa kwenye ngazi, katikati ya njia, watu wa duka la rangi wakimpita na makopo yao.

"Nilijua," alisema. "Nilisema moyoni, ngoja kwanza yule bwana aniambie kazi inaanza lini."

Nilimchukia. Mtu aliyenilea, aliyenishonea sare ya kwanza ya shule kwa kitambaa cha gauni lake, nilimchukia pale kwenye ngazi, na nilitamani angeendelea kusema kwamba imedondoka. Sikumwinua. Alijiinua mwenyewe kwa kushika ukuta, na alipoyumba, aliyumba kweli. Nikamshika mkono.

Mpiga picha alinipigia baadaye, kazi nyingine, mteja mwingine. Akauliza nitakuja na nani. Nilimwambia nitakuja na rafiki yangu, halafu nikakaa na simu mkononi, shangazi akiwa ng'ambo ya meza anajifanya anatunga uzi kwenye sindano. Hakuniomba. Aliuliza tu ni siku gani, nikamwambia.

Asubuhi ya siku hiyo nilimkuta mlangoni amevaa viatu, amekaa kwenye stuli, ananingoja niseme neno. Futi kamba ilikuwa imening'inizwa kwenye mkono wa cherehani, na shingo yake ilikuwa tupu. Mbali na siku ile ya studio, sikuwa nimeiona tupu. Kulikuwa na mstari mweupe mahali futi inapokaa. Nilimwandikia rafiki yangu asije, kisha nikaufungua mlango, nikampisha atangulie.